Glavu za Nnalongo na Medali ya Mpagazi

Kwa nini siku ile Nnalongo hakuvaa glavu?

Nilijiuliza hivyo nikiwa kijana mwenye digrii mpya ya kemia na mdomo usio na breki. Nnalongo alikuwa mkuu wa chumba cha vyuma katika jumba la makumbusho ambamo nimefanya kazi maisha yangu yote. Mtu akigusa medali ya kale kwa kidole kitupu, alimpiga kidole hicho kwa mpini wa brashi. Alisema jasho la binadamu lina chumvi, na chumvi ikishakaa juu ya shaba haisahau. Hata waziri alipotutembelea alipewa glavu nyeupe kwanza, salamu zikafuata. Kisha ikaja siku ambayo uhai wa kijana mmoja ulitegemea medali moja, na Nnalongo akaishika medali hiyo kwa mikono mitupu. Aliigeuza, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kijiko. Nikamuuliza glavu ziko wapi.

“Ziko kwa dobi,” alisema.

Kampala ya wakati ule haikuwa na sabuni. Dobi angezifua kwa nini, kwa sala?

Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike niliyojifunza. Vyeo vyangu sitavitaja, kwa kuwa vyote vinaenea ndani ya bahasha moja na nafasi inabaki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka Kenya, Tanzania na Kongo, na nusu nyingine, ndugu zangu wa hapa, mnajifanya hamkijui. Mimi nilikijua mapema. Katika utawala wa jeshi kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki, na sijaona mwalimu anayeelewesha haraka kama bunduki.

Siku ya kwanza nilitarajia kukuta maabara. Nilikuta chumba chenye dirisha moja, meza ndefu, na picha ya Rais ukutani, akiwa na medali nyingi kifuani kuliko tulizokuwa nazo kwenye makabati yote. Zana zilikuwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa, miba ya nungunungu, brashi laini, pamba, spiriti na kopo kubwa la nta ya nyuki. Mfuniko wa kopo hilo ulikuwa umepinda, haukai mpaka uwekewe kitu juu, na kitu chenyewe kilikuwa jiwe lililookotwa uani. Chuo kikuu nilizoea mizani inayotikiswa na pumzi. Sasa nilikuwa nimeajiriwa na serikali kukaa na jiwe na miba ya nungunungu.

Nnalongo si jina. Ndivyo tunavyomwita mama aliyezaa pacha, naye aliipenda heshima hiyo kuliko vyeti vyake vyote, ingawa vyeti navyo hakuvisahau. Alisomea kazi yetu Ulaya na alihakikisha kila mgeni anajua hivyo kabla hajaketi. Ukitafuta katika kumbukumbu hizi mtu mnyenyekevu, usimtafute kwake, wala kwangu.

Alinipa glavu, akaniwekea mbele yangu medali mbili za aina moja, za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Moja iling'aa kama sufuria mpya. Nyingine ilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa sana.

“Ipi ina thamani zaidi?”

“Inayong'aa.”

“Hongera, Profesa. Umechagua maiti.”

Ndipo nilipopata somo la kwanza, nalo ndilo nawapa ninyi. Shaba nyeusi ikikaa miaka mingi, hewa na mikono na moshi wa nyumba huifanyia utando mwembamba juu yake. Sisi tuliuita ngozi. Ngozi hiyo huilinda, na ndiyo ushahidi wa umri wake, kwa sababu huwezi kuinunua dukani. Ukiisugua kwa dawa ya kung'arishia, unaichuna. Herufi zinalegea, pua za wafalme zinalala, na chuma kinachobaki ni cha waridi kama kuku aliyenyonyolewa. Mnunuzi anayejua akiona medali ya kale inang'aa, anaipa bei ya chuma chakavu na kuomba samahani kwa niaba ya aliyeisugua. Lakini si kila rangi ni ngozi. Mkiona unga wa kijani kibichi unaotoka tena kila mnapoufuta, huo ni ugonjwa, nao hula medali mpaka ndani. Huo utoeni kwa mwiba wa nungunungu, taratibu. Sindano ya chuma huacha mkwaruzo, na mwiba unakata tamaa kabla ya shaba.

“Lakini hiyo ngozi ni oksaidi tu,” nilimwambia.

“Na wewe ni maji na mkaa tu. Nikuchune?”

“Nani aliamua kwamba uchafu wa miaka mia ni mali, na uchafu wa wiki moja ni uchafu?”

“Soko.”

“Na soko liliambiwa na nani?”

“Shika brashi, Profesa.”

Kesi ngumu ya mwanzo haikuwa ya wezi wala ya vita. Ilikuwa ya vanishi. Mtunzaji mmoja wa zamani, Mungu amsamehe, alizipaka medali zetu zote vanishi ili asiwe na kazi ya kuzitazama tena. Vanishi ikageuka manjano, ikapasuka, ikabanduka vipande vipande kama rangi ya kucha ya bibi harusi baada ya mwezi wa kufua. Unyevu ukaingia chini yake na kufanya makazi. Tulikaa miezi tukiitoa kwa pamba na spiriti, madirisha wazi, huku askari wa lindo akitusogelea kila tulipofungua chupa, kwa kuwa spiriti ilikuwa na wapenzi wengi kuliko historia. Nnalongo alirudia kanuni moja hadi nikaisikia ndotoni: kila unachoweka juu ya medali, kiwe kinaweza kutoka. Nta hutoka. Vanishi nzuri hutoka. Dawa ya kung'arishia haiweki kitu. Inachukua, na ilichochukua hakirudi.

Kanuni hiyo haikuwa na marafiki serikalini. Ile ilikuwa nchi ya kung'aa. Sukari ilikuwa hadithi na chumvi ilikuwa magendo, lakini dawa ya kusugulia vifungo vya jeshi haikukosekana hata siku moja kambini. Wajane wa askari walituletea medali za waume zao zilizosuguliwa kwa majivu na ndimu kila wiki kwa miaka, kwa upendo, mpaka mfalme hana uso. Walipotuuliza thamani yake, Nnalongo alijibu kwa sauti ndogo ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine yeyote: “Ni kubwa, nnyabo, mama yangu. Rudi nayo nyumbani.” Alikuwa mwongo mzuri alipotaka. Hilo ningepaswa kulizingatia.

Mama Rajabu alikuja asubuhi moja akiwa amejitanda kitambaa cha rangi ya chungwa. Alikuwa Mnubi, wa kizazi cha wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, akiuza simsim, yaani ufuta, na vikapu vya ukili alivyosuka mwenyewe. Mjini watu waliamini kila Mnubi anakula meza moja na Rais. Ndala za Mama Rajabu zilikuwa zimeshonwa kwa waya.

Alifungua fundo la kanga akatoa medali. Upande mmoja kichwa cha malkia, upande wa pili simba. Babu yake hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Katika vita vile vya kale askari walipewa medali za fedha, wapagazi wakapewa za shaba nyeusi, ili hata kifuani ijulikane nani alibeba bunduki na nani alibeba gunia. Wapagazi wengi hawakurudi kuchukua zao, kwa hiyo siku hizi ya shaba ni adimu kuliko ya fedha. Historia ina ucheshi, ila huchelewa.

Nnalongo aliipokea kwa glavu, akaisogeza kwenye mwanga, akasahau hata kutaja Ulaya.  Ngozi ya medali ile ilikuwa ya kahawia nzito, nyekundu kidogo pembeni, laini kama kokwa la tende lililochezewa na watoto. Kila nywele ya malkia ilikuwepo.

“Mmeitunza kwa nini?” aliuliza.

“Mafuta ya simsim. Kila Idd, tone moja, na kitambaa. Bibi alisema chuma kikikauka, babu ana kiu.”

“Hamkuisugua kamwe?”

“Kamwe. Sasa nataka muisugue. Nataka ing'ae.”

Akaeleza. Rajabu, mwanawe wa pekee, alikuwa akisomea ufundi katika chuo cha Kyambogo. Siku moja kwenye foleni ya sukari aliwaambia wenzake kwamba Rais akiongeza medali moja tu, itabidi aajiriwe mtu wa kumshika kwa nyuma asianguke kifudifudi. Watu wote walicheka isipokuwa mmoja. Yule asiyecheka alirudi na gari, na Rajabu aliingizwa nyuma, kwenye buti. Tangu hapo mama alikuwa akizunguka kutoka lango la kambi moja hadi la nyingine.

Kisha Kapteni fulani akafika nyumbani kwake. Alisema anaweza kumtoa kijana. Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa ukutani, kwenye medali. Alikuwa amesikia kwamba wazungu hununua medali za zamani, na isitoshe medali zilikuwa fasheni ya juu kabisa nchini. Lakini hii ilikuwa chafu, na kumletea Kapteni kitu kichafu ni dharau. Aliamuru ipelekwe kwa “wale wasomi wa vyuma”, ioshwe, na Ijumaa angekuja kuichukua mwenyewe, ili wasomi wamthibitishie kwamba ni ya kweli.

“Kuing'arisha ni kuiua,” Nnalongo alisema.

Sikuweza kuvumilia. “Nnalongo, hiki ni chuma. Rajabu ana damu.”

Mama Rajabu alinitazama kwa shukrani. Nnalongo alinitazama kama anavyotazama unga wa kijani.

“Nani amekuambia nachagua, Profesa?”

Alimketisha mama, akampa maji, kisha akatueleza sote wawili mpango. Medali ingepakwa nta nzito kwanza. Juu ya nta, vanishi iliyotiwa rangi ya dhahabu. Ingeng'aa kumridhisha kanali mzima, achilia mbali Kapteni, na ngozi ingebaki salama chini yake mpaka mtu mwenye akili aje na pamba na spiriti.

“Akiikwaruza?” niliuliza.

“Atakuta nta.”

“Akimpelekea mnunuzi anayejua?”

“Wanaojua wamefukuzwa au wamekimbia. Hiyo ndiyo faida pekee ya siasa yetu ya uchumi.”

“Na kama si yeye anayeamua kuhusu Rajabu? Kama anadanganya tu?”

 Mama Rajabu alikuwa akitazama maji kwenye bilauri bila kuyanywa. Nilijifunza siku ile kwamba kuna maswali ya kweli ambayo ni utovu wa adabu.

Nikatumwa kutafuta bizari ya manjano, ambayo ukiiloweka kwenye spiriti na kuichuja hutia vanishi rangi ya dhahabu kuliko dhahabu yenyewe. Zamani ningeipata kwa dakika chache. Lakini maduka ya viungo yalikuwa yamenyang'anywa Wahindi na kugawiwa watu waliojua kufyatua, si kupima. Sajini mmoja aliyepewa duka aliniuzia vitu kwa rangi. Hajui hiki ni nini, alisema, ila cha njano kina bei yake na chekundu kina bei yake. Mara ya kwanza nilirudi na kitu cha njano ambacho Nnalongo alikinusa na kusema ni dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nikarudi mjini.

Nnalongo naye alitoka siku hizo, jambo ambalo si kawaida yake. Alikwenda Katwe, kule kwenye mafundi wa kuyeyusha na kusubu vyuma na kuchomelea, akiwa na kikaango chake ndani ya mkoba, mpini umevunjika. Kesho yake akaenda tena. Aliporudi, kikaango kilikuwa bado hakina mpini.

“Fundi hakukitengeneza?”

“Fundi anaumwa.”

“Katwe nzima ina fundi mmoja?”

“Tafuta manjano, Profesa.”

Niliporudi na bizari ya kweli, siku moja kabla ya Ijumaa, nilikuta medali mezani tayari imepakwa nta, nzito, nyeusi kidogo. Nikaisaga bizari, ikalowekwa, ikachujwa, na hapo ndipo aliposhika brashi ya vanishi kwa mkono mmoja na medali kwa mkono wa pili, ngozi yake juu ya shaba, na glavu ziko kwa dobi. Nilimtazama akiacha alama za vidole ambazo angenifukuzia kazi. Nilidhani ni hofu. Nilijisikia vizuri kidogo kugundua kwamba hata yeye anaogopa, na nikaacha kuuliza. Vanishi ilikauka ikawa kitu cha kutisha, cha kung'aa, kama jino la dhahabu la mtu unayemdai.

Kapteni alifika Ijumaa mchana akiwa na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake. Mama Rajabu alikuwa ameketi karibu na mlango tangu asubuhi. Askari wawili walibaki nje, na askari wetu wa lindo akaona ni wakati mzuri wa kukagua upande wa pili wa jengo.

Nnalongo aliweka medali juu ya kitambaa cheusi. Kapteni aliichukua, akaiinua kwenye mwanga, akacheka.

“Sasa hii ndiyo medali. Ile ingine ilikuwa kama imetoka choo.”

“Ni ile ile, Afande,” Nnalongo alisema.

Kicheko kikakatika. “Ile ile? Mimi niliona ile. Ilikuwa nyeusi. Nyinyi mumenibadirishia kitu?”

 Kapteni aliitazama medali, akamtazama Nnalongo ambaye uso wake ulikuwa ukuta, kisha akaniona mimi.

“Wewe, kasichana. Wewe ndiyo ulisoma hii sayansi?”

“Ndiyo, Afande.”

“Njoo hapa. Niangalie kwa macho. Hii ni ile ya huyu mama, ama si ile?”

Ninawaapia, sikuogopa. Nilikasirika. Mtu huyu alikuwa anatilia shaka kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu, na manjano ambayo nimeitafuta kwa miguu yangu. Nilimtazama kwa macho, kama alivyotaka.

“Ni ile ile, Afande. Ilipofika nilikuwepo. Ilivyopakwa nimeona. Kilichobadilika ni juu tu.” Kisha, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamweleza jinsi shaba na bati vinavyochanganywa, jinsi hewa inavyofanya kazi juu yake, jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye uso laini, na nilikuwa ndio kwanza naingia kwenye chumvi za shaba alipoinua mkono.

“Basi, basi. Nyinyi wasomi munaongea kama redio. Nimeamini.”

Aliishikiza kwenye mfuko wa shati na kujitazama kwenye kioo cha kabati, ubavu huu, ubavu ule. Nyuma ya kioo hicho zilikuwepo medali za kweli zenye ngozi zao, zikimtazama.

“Na Rajabu, baba?” Mama Rajabu aliuliza kutoka mlangoni.

“Rajabu gani?”

 Mama alikuwa amesimama, kitambaa kimemwanguka begani.

“Ah, ule kijana wa vichekesho,” Kapteni alisema. “Ataletwa kesho.”

Hakuletwa kesho. Wala keshokutwa. Katika siku hizo Nnalongo alivunja bilauri mbili, na mimi sikuuliza kwa nini. Kisha asubuhi moja mama yake alimleta kwetu amemshika mkono kama mtoto, kijana mrefu aliyekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Aliketi kwenye kiti changu, akanywa maji, akatazama picha ya Rais ukutani na zile medali zake, na hakusema kitu kabisa. Huo ndio utamaduni mpya wa vichekesho tuliojengewa.

Mama Rajabu alituletea simsim iliyokaangwa na asali. Yeye na Nnalongo walikumbatiana kwa muda mrefu sana kwa watu wasiojuana, wakitikisika mabega. Nilidhani wanalilia medali. Nikatoka nje kwa adabu, nikijisifu kwamba hatimaye nina adabu.

Maisha ya kazi yakaendelea, kwa maana ya kwamba tuliendelea kuja. Nnalongo alianza kunifundisha kupasha nta kwa maji ya moto na si kwa moto wenyewe, kuipaka ikiwa vuguvugu, na kuifuta kabla haijaganda. Alitupa lile jiwe la kwenye kopo na badala yake akaweka kipande cha chuma cha mviringo alichokipaka rangi nzito nyeusi, ile ya mabomba. Nilimuuliza kwa nini. Alisema jiwe linadondosha mchanga kwenye nta. Lilikuwa jibu la kwanza alilowahi kunipa ambalo halikuwa na kasoro ya kisayansi, nikaridhika.

Siku ya mwisho niliyomwona alivua koti lake jeupe, akalikunja, akasema: “Kopo la nta lisikae wazi hata siku moja. Umenisikia, Profesa?” Kesho yake hakuja. Ikasemekana jina lake limetajwa mahali fulani, na kwamba amevuka kwenda Kenya ndani ya lori la ndizi. Mwanamke aliyewavisha mawaziri glavu. Alifia huko, na habari zilinifikia zikiwa zimechakaa.

Vita vilipokuja na serikali ikaanguka, Kapteni alitoweka na viatu vyake. Wanubi walilipishwa makosa ya watu waliokuwa hawawajui. Mama Rajabu na mwanawe walikimbilia Sudani na ndala zao. Waporaji waliingia kwetu wakachukua vioo vya makabati, brashi, koti la Nnalongo na mlango. Kopo la nta walilifunua, wakalinusa, wakalitupa sakafuni. Nililiokota, nikatafuta mfuniko, nikatafuta na chuma chake chini ya meza, nikalifunika. Agizo ni agizo. Miaka iliyofuata nilivunjia karanga chuma kile. Nilikiazima kwa karani kikamzuilia mlango. Mara zote nilikirudisha.

Nywele zangu zilikuwa zimeshaanza mvi siku jamaa mmoja alipoleta medali ya dhahabu ili tumwambie bei. Alisema ni urithi wa mjomba wake aliyekuwa jeshini. Niliijua kabla hajaiweka mezani, kwa sababu hakuna vanishi nyingine duniani yenye rangi ya bizari ya manjano.  Nilivaa glavu, nikachukua pamba na spiriti, nikaanza kuitoa ile dhahabu, nikingoja ngozi ya kahawia ya Mama Rajabu.

Haikuwepo. Chini ya nta kulikuwa na shaba mbichi iliyotiwa weusi wa haraka, yenye vijitundu vya mapovu kama uji uliochemka. Nywele za malkia zilikuwa zimeyeyukiana. Nilipoipima ilikuwa ndogo kidogo kuliko inavyotakiwa, na hilo ninyi mnajua maana yake: shaba ikimiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye medali nyingine, husinyaa inapopoa. Mtoto wa kalibu daima ni mdogo kuliko mama. Ilikuwa nakala.

Mimi, mwenye kuhoji kila kitu, nilihoji kila mtu. Nilidhani Kapteni aliuza ya kweli akatengeneza nakala. Nilidhani mjomba, nilidhani mpwa. Usiku mmoja nilidhani hata Mama Rajabu, nikaona aibu. Vanishi ilikuwa yetu, ile ile niliyosaga. Nilichokuwa nimekitoa kwa pamba kilikuwa jibu, nikakiandika kwenye kadi kama “tatizo lisilotatuliwa”.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alikuja akiongozwa na binti yake, anayeishi Ntinda, hapa hapa Kampala. Masikio yalikuwa makubwa.

“Shikamoo, Profesa,” alisema. “Ama umekuwa daktari sasa?”

“Rajabu?”

“Wewe ndiye ulimpigia yule Kapteni hotuba. Mama alikucheka mpaka anakufa, Mungu amrehemu. Alisema, Nnalongo hakutaka kukuambia, kwa sababu uso wako hauna mfuniko. Ungejua, ungekufa na mimi ningekufa.”

“Ningejua nini?”

“Kwamba uliyoapia ilisubiwa Katwe.”

Niliketi. Kikaango bila mpini. Mikono mitupu. Mtu hahitaji glavu kushika kitu kilichozaliwa jana.

“Nilidhani ya babu waliipora wakati wa vita,” Rajabu alisema. “Nikaona haya kuja kuwasumbua. Lakini binti amesikia unastaafu, akasema baba, nenda kaulize. Mama alisema nyumbani Kapteni angeweza kurudi akaiona, kwa hiyo Nnalongo aliipaka nta, juu ya nta akaipaka rangi nyeusi ya mabomba, akaiacha humu humu, mahali ambapo mtu mmoja tu angeigusa.”

Medali ya mpagazi ilikuwa juu ya kopo la nta, na tangu Nnalongo alipoondoka nilikuwa nimeishika kila siku ya kazi kwa mikono mitupu.